Unene wa Mstari

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa sasa, katika kibanda cha mabati huko Kariobangi, nikitengeneza shafti, bushi na vipuri vya mashine za kusaga unga. Mfukoni mwangu huwa na vitu viwili: simu na maikromita. Simu inaweza kuzima siku nzima na nisijali. Maikromita ikianguka chini, roho yangu inaanguka nayo.

Katika kazi yetu tunahesabu kwa mikroni. Mikroni moja ni milimita moja ikigawanywa mara elfu. Wakubwa wa vipimo duniani waliliondoa jina hilo katika mkutano wao mkuu wa 1967 na 1968, wakataka tuseme mikromita, lakini mafundi hawakupokea barua. Unywele wa kichwa chako una unene wa takriban mikroni sabini. Nikiikosea shafti kwa mikroni hamsini tu, chini ya unywele mmoja, beringi itakataa kuingia, ama itaingia na kucheza, na baada ya wiki mbili mteja atarudi akinitazama kama mwizi.

Kwa hivyo Baba aliponipigia simu mwaka jana akisema, "Njoo nyumbani, kuna maneno ya futi tisa," nilicheka kidogo. Futi tisa! Kwangu mimi hiyo ni safari. Lakini sauti yake haikuwa ya mzaha.

Baba Mkubwa alikuwa amekuja na karatasi. Namwita Baba Mkubwa ingawa kwa hesabu ya damu yeye ni mtoto wa ndugu yake Guka, yaani babu yangu. Mashamba yetu yanapakana upande wa Murang'a, yote mawili yakiteremka kutoka njia ya juu ya mgongo wa kilima hadi mtoni. Karatasi ile ilikuwa nakala ya ramani ya usajili. Alikuwa amempeleka savea kijana kupima kutoka kona yetu ya mbali hadi kwenye ua unaotutenganisha. Ramani ilionyesha futi 396. Utepe wa savea ulionyesha futi 405.

"Futi tisa," Baba Mkubwa alisema, akiiweka nakala mezani polepole kama mtu anayeweka kikombe cha chai moto. "Kutoka juu mpaka mtoni."

Nilipiga hesabu kichwani kabla hata sijaketi. Urefu wa shamba hadi mtoni ni futi 660. Futi tisa mara 660 ni futi 5,940 za mraba. Ploti ya hamsini kwa mia, ile ambayo kila Mkenya anaiota, ni futi 5,000 za mraba. Basi ule ukanda mwembamba wa migomba ulikuwa ploti nzima na zaidi. Na kwa bei za leo, upande ule ambao lami imefika, watu wameshikana mashati kwa kidogo kuliko hicho.

Namba hizo mbili, 396 na 660, ziliniamsha. Si namba za bahati. 396 ni mara sita ya 66. 660 ni mara kumi ya 66. Na 66 ni urefu wa mnyororo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Guka vizuri. Sote katika ukoo tulijua kwamba katika miaka ya Hali ya Hatari, Guka alifanya kazi na wapima ardhi. Alikuwa mshika mnyororo. Sisi watoto tulidhani ni mnyororo wa kufungia watu, tukamwogopa. Siku moja akatueleza kwa fimbo mchangani: ni waya mnene uliokatwa vipande mia, kila kipande kimeunganishwa na kingine kwa pete ndogo, na kila kumi kuna kibati cha shaba ili usipotee kuhesabu. Mmoja anashika mwisho wa nyuma, mwingine anatangulia na vigingi vya chuma. Unavuta, unanyoosha, unapiga kelele, unachoma kigingi, unasonga. Siku nzima.

Mnyororo huo una baba yake. Alikuwa kasisi Mwingereza aitwaye Edmund Gunter, aliyezaliwa 1581, ambaye pamoja na kazi ya kanisa alikuwa mwalimu wa elimu ya nyota katika chuo cha Gresham, London. Mnamo 1620 alileta mnyororo wake. Uingereza ya wakati huo ilipima ardhi kwa fimbo ya futi kumi na sita na nusu, na eka ilikuwa fimbo arobaini kwa nne. Hebu jaribu kuzidisha kumi na sita na nusu ukiwa umesimama matopeni. Gunter aliunganisha fimbo nne, akapata futi 66, kisha urefu huo akaugawanya vipande mia. Kila kipande kikawa inchi 7.92.

Namba hiyo ya inchi 7.92 inaonekana mbaya, kama kosa la karani. Lakini tazama inachofanya. Mnyororo kwa mnyororo ni mraba mmoja. Miraba kumi ni eka moja kamili. Minyororo themanini ni maili moja. Eka moja ina vipande 100,000 vya mraba. Basi mpimaji akishazidisha urefu na upana kwa vipande, anahamisha nukta mara tano tu na eka ziko mezani. Gunter alificha hesabu ya kumi ndani ya nchi isiyotaka kuhesabu kwa kumi, miaka zaidi ya mia moja na sabini kabla Wafaransa hawajaleta mita yao. Ukitaka kuuona urefu wa mnyororo leo bila kwenda kwenye makumbusho, nenda utazame kriketi. Kutoka kijiti cha huku hadi cha kule ni yadi 22. Ni mnyororo wa Gunter umelazwa kwenye nyasi.

Kwa lugha ya kibanda changu, kipande kimoja cha mnyororo ni mikroni 201,168. Mnyororo mzima ni mikroni 20,116,800. Shamba la Guka, minyororo sita kwa kumi, ni miraba sitini, yaani eka sita. Safi. Hakuna sehemu iliyobaki. Na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi, kwa sababu kilima hakina eka safi. Eka safi hukatwa na mtu.

Lakini sikutaka kufika huko mara moja. Mtu akiambiwa babu yake alikula shamba la nduguye, kwanza anatafuta kosa la hesabu. Mimi nilitafuta kwa bidii yote niliyo nayo.

Nilianza na swali la kijinga: watu walianzaje kuunganisha kitu kidogo kabisa na ardhi? Pwani yetu ilikuwa na ngazi yake tangu zamani. Chini kabisa ni wanda, upana wa kidole. Juu yake morita, kutoka ncha ya gumba hadi ya kidole cha shahada; kisha shibiri, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho. Shibiri mbili ni dhiraa, yaani mkono. Na mkono ulikuwa wa aina mbili: mkono kamili, unaofika ncha ya kidole cha kati, na mkono konde, unaoishia kwenye ngumi. Muuza kitambaa na mnunuzi walijua tofauti hiyo vizuri sana. Mikono minne ni pima, urefu wa mtu aliyenyoosha mikono yote miwili. Hata neno letu la kupima na urefu wa mikono ya mtu aliyejinyoosha ni neno moja.

Wanazuoni wa Kiislamu waliteremka chini zaidi ya kidole. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyotawala pwani yetu, safari inayoruhusu kupunguza sala ni maili 48, na ili mtu ajue maili ni nini, Imamu Nawawi wa karne ya 13 anaivunjavunja: maili ni mikono 6,000, mkono ni vidole 24, kidole ni punje sita za shayiri zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Kuna waliongeza ngazi moja: punje ya shayiri ni nywele sita za mnyama wa mizigo. Zidisha. Maili moja ni nywele 5,184,000.

Ninaipenda namba hiyo, lakini fundi hawezi kuiacha bila kuijaribu. Tuseme mkono ni sentimita 48. Gawanya kwa nywele 864. Kila unywele unapata nusu milimita na ushei. Mikroni mia tano na zaidi! Hakuna nyumbu mwenye nywele hizo. Huo ni waya. Kumbe hakuna aliyepanga nywele moja moja hadi zikawa maili. Unywele ule haukupimwa, uligawanywa. Walianza na mkono, wakateremka kwa sita na sita, na walipofika chini wakatafuta kitu cha Mungu chenye wembamba wa kutosha ili wakipe jina.

Waingereza nao walifanya hivyo hivyo. Sheria yao ya zamani ilisema punje tatu za shayiri ni inchi, inchi kumi na mbili ni futi, futi tatu ni yadi, na yadi tano na nusu ni ile fimbo ya shamba. Ngazi ileile ya shayiri, kwa lugha nyingine. Na kila mahali inasemekana kidogo ndicho kilichozaa kikubwa, ilhali mara nyingi mkubwa alishaamua, kisha mdogo akaitwa atoe ushahidi.

Siku ikafika ambapo mdogo alikataa. Yadi ya Waingereza ilikuwa fimbo iliyowekwa katika majengo ya Bunge. Oktoba 1834 Bunge likaungua, na yadi ikaharibika pamoja nalo. Wakatengeneza nyingine mwaka 1845, ya shaba iliyochanganywa, yenye vitone vya dhahabu na mstari mwembamba juu yake. Baada ya miongo kadhaa ya kuilinganisha na nakala zake na mita, wakagundua kitu cha aibu: fimbo ilikuwa inafupika. Mikroni moja moja, polepole, kama mzee. Himaya nzima ilikuwa imeshikiliwa na kitu kinachonywea.

Kufikia karne ya 20, inchi ya Marekani ilikuwa milimita 25.40005 na ya Uingereza takriban 25.39996. Tofauti yao ni kama sehemu moja ya kumi ya mikroni. Nani angejali? Mafundi walijali. Msweden mmoja, Carl Edvard Johansson wa mji wa Eskilstuna, alikuwa anatengeneza vipande vya chuma vya kupimia vilivyosuguliwa hadi vikawa laini kiasi kwamba ukivibandika viwili pamoja vinashikana kama vimegandishwa kwa gundi. Viwanda vya nchi zote mbili vilivitaka. Yeye hakuchagua upande. Alitengeneza inchi yake milimita 25.4 kamili, katikati ya wagomvi, na viwanda vikamfuata. Serikali zilikuja nyuma. Tarehe 1 Julai 1959, Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilianza kutumia inchi hiyo ya kibandani.

Nilipolisoma hilo nilijivuna siku mbili. Fundi wa vyuma ndiye aliyeipa dunia inchi! Kisha nikasoma upande wa wapima ardhi, majivuno yakapoa.

Wapima ardhi wa Marekani walikataa futi mpya. Ilikuwa fupi kuliko yao kwa sehemu mbili katika milioni, yaani mikroni 0.61 kwa kila futi. Ukiiweka chini ya maikromita yangu huioni. Kwa maili nzima ni milimita tatu tu na kidogo. Lakini ramani za majimbo yao hazikuhesabu kutoka ua wa jirani. Zilihesabu kutoka kitovu cha mbali, na mahali pengine bikoni moja iko futi milioni mbili kutoka hapo. Milioni mbili mara sehemu mbili katika milioni ni futi nne. Ukichanganya futi ya zamani na mpya, bikoni yako inahamia kwa jirani bila mtu kuishika. Basi wakaachiwa futi yao, wakaambiwa ni kwa muda. Muda huo ulikwisha tarehe 31 Desemba 2022. Miaka 63 nchi moja iliishi na futi mbili kwa sababu ya kitu chembamba kuliko utando wa buibui.

Somo nililolipata ni hili: kosa dogo halina ukubwa wake lenyewe. Ukubwa wake ni idadi ya mara linazozidishwa. Nikarudi Murang'a nikiwa na silaha.

Nilichukua karatasi ya Baba Mkubwa nikaiweka chini ya kioo changu cha kukuzia, kile chenye mistari ya vipimo ninachokagulia nyuzi za skrubu. Nikaupima mstari wa mpaka. Wino wenyewe. Ulikuwa na unene wa mikroni 300, milimita 0.3. Ramani ni ya kipimo cha 1 kwa 2,500. Kila mikroni ya wino ni milimita mbili na nusu za udongo. Kwa hivyo ule mstari, ambao kwenye karatasi ni kitu cha kutenganisha, kwenye shamba ni njia ya sentimita 75. Ukiushusha hadi mtoni, ni mita 151 za mraba, karibu theluthi moja ya ploti ya hamsini kwa mia. Nani anamiliki wino?

Sheria yetu inalijua swali hilo. Ramani za aina hii huonyesha mipaka ya jumla, ya kukadiria; sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inasema hivyo waziwazi, na inaikataza mahakama kusikiliza ugomvi wa mpaka kabla msajili hajauamua. Wakati wa kuunganisha mashamba, mpango ulioandikwa na Roger Swynnerton mwaka 1954 ulikuwa na haraka. Watu waliambiwa wapande nyua ili mipaka ionekane kwenye picha za ndege. Kalamu ya mchoraji ilifuata ua, na ua wenyewe una unene kuliko mtu.

Hiyo ilikuwa hoja ya kwanza: sentimita 75.

Ya pili ilikuwa mnyororo. Mnyororo wa vipande mia una mamia ya mahali ambapo chuma kinasugua chuma. Tuseme mahali 600. Kila mahali pakilika mikroni 25 tu, kitu ambacho hakionekani kwa macho, mnyororo unarefuka milimita 15. Kwa minyororo sita ni sentimita tisa. Guka mwenyewe aliwahi kuniambia, akicheka bila meno, "Mnyororo mzee humnyima mtu kwenye karatasi, humpa kwenye udongo." Nilikuwa mtoto, sikuelewa. Sasa nimeelewa: mnyororo uliorefuka unahesabu mara chache, kwa hivyo karatasi inaandika kidogo kuliko kilichopo chini.

Ya tatu ilikuwa karatasi yenyewe. Karatasi hunywea na kutanuka, na mashine ya kunakili huongeza makosa yake. Nikaipa nusu ya asilimia. Kwa upana wetu, hiyo ni sentimita 60.

Nikajumlisha. 75 na 9 na 60 ni sentimita 144. Kila shaka niliielekeza upande wa Guka. Sikugawanya wino nusu kwa nusu, nilimpa wote. Futi tisa ni sentimita 274. Nikatoa.

Zikabaki sentimita 130.

Nilirudia mara tatu. Nilijaribu jua, kwa maana chuma hutanuka kwa joto: mnyororo mzima ukipata joto la nyuzi kumi zaidi unarefuka milimita mbili na kidogo. Haisaidii, ni kama kumwaga kikombe baharini. Zikabaki sentimita 130. Hatua moja na nusu ya mtu mzima, kutoka juu mpaka mtoni, ambayo hakuna wino, kutu, wala karatasi iliyokubali kuibeba.

Tulikutana Jumamosi chini ya mparachichi, wazee wawili, mimi, na kaka yangu aliyeleta soda. Niliwaeleza yote, kuanzia mikroni hadi mnyororo. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye sentimita 144 alinyanyua uso, akafurahi kidogo. Nilipotaja 130 akaushusha tena.

Baba Mkubwa aliuliza, "Kwa hivyo mashine yako inasema nini?"

"Inasema nyingine imeelezeka, Baba Mkubwa. Na nyingine haijaelezeka."

Akanyamaza. Kisha akasema, si kwangu bali kwa Baba, "Ndugu yangu, baba yangu alikuwa kizuizini wakati huo. Unajua. Alirudi akakuta ua umeshapandwa. Alikwenda kuuliza akaambiwa kitabu kimefungwa."

Na kweli kitabu kilikuwa kimefungwa. Watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishiwa vijijini kwa nguvu, maelfu wakiwa kizuizini, na ardhi ikagawanywa wakiwa hawapo. Kisha sheria ya ardhi ya 1963 ikaweka kufuli: mahakama iliweza kurekebisha usajili uliopatikana kwa udanganyifu, isipokuwa usajili wa kwanza. Wa kwanza haukuguswa, hata kwa udanganyifu. Kufuli hilo lilikaa hadi 2012, na ndugu yake Guka alikuwa amekufa zamani.

"Mimi sikuja kudai ploti," Baba Mkubwa akaendelea. "Nina miaka sabini na minne, nitajenga nini? Nilikuja kuuliza swali ambalo baba yangu hakuruhusiwa kuliuliza. Siku ile wanapima hapa, nani alishika mnyororo?"

Nilimtazama Baba. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema neno baya juu ya Guka, wala neno lolote juu ya miaka ile. Alichukua muda. Kuku walipita. Kaka yangu alianza kukusanya chupa ambazo bado zilikuwa na soda.

"Ni baba yangu," Baba akasema. "Alishika mwisho wa mbele."

Mshika mwisho wa mbele ndiye anayechoma kigingi.

Baba Mkubwa akaitikia kwa kichwa mara moja. Hakushangilia. Akaomba soda yake.

Sijui Guka alifikiri nini alipokuwa amesimama pale na kigingi mkononi. Labda aliteleza. Labda mzungu mwenye kitabu alitaka namba safi, minyororo sita kwa kumi, eka sita, ili afunge ukurasa waende kilima kingine. Labda alijua kabisa. Mimi napima vyuma. Moyo wa mtu aliyekufa hauingii kwenye maikromita. Ninachojua ni kwamba nilikwenda pale nikitaka unene wa mstari umsafishe babu yangu, na mstari ulifanya kazi yake yote kwa uaminifu, ukabeba sentimita zake 75, kisha ukakataa kubeba zaidi.

Wazee wameandika barua pamoja kwa msajili aje aweke mpaka. Bado tunangoja siku. Zamani, kabla ya minyororo na picha za ndege, mpaka kwetu ulipandwa kwa itoka, yale maua yanayofanana na yungiyungi, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Na aliyeyang'oa usiku alikuwa na deni na watu wote, si na jirani peke yake. Yako machache bado karibu na mto, mahali ambapo ua wa 1950 na kitu haukufika. Hayako kwenye ramani. Siku ya kuondoka niliteremka kuyatazama. Ukisimama hapo ukaangalia juu, hayaelekei kwenye ua. Yanaelekea ndani kidogo, upande wetu.

Sikuchukua utepe.

Kwa sasa hakuna anayelima ule ukanda. Migomba imekatwa na nyasi zimeota, na mbuzi wa nyumba zote mbili wanalisha humo mchana kutwa bila kuulizana.